Alitafuta wapagazi, katalogi ikampeleka sokoni

Kwanza, nilichoficha

Chuo sikitaji, mwaka sikitaji, mkoa anakotoka mwanafunzi sikitaji, na supavaiza wake nimemwacha bila jina kwa sababu hata yeye hakuwa na kosa kubwa. Mwanafunzi namwita Kijana, basi. Nilimwomba ruhusa akasema andika tu mama, ila usiseme nilikaa siku tatu. Ndo hivyo nimeshasema. Namba za matokeo nyingi ni zile alizoandika mwenyewe kwenye daftari lake, zingine nilihesabu mimi.

Usuli

Mimi nakaa dawati la marejeo, yani pale mtu anapokuja akiwa ameshachoka kutafuta. Katalogi yetu inaendeshwa na Koha, ile programu ya bure iliyotoka New Zealand, jina lake ni neno la Kimaori maana yake zawadi, na siku ikigoma tunaiita majina mengine. Vitabu vyetu vingi vya kigeni rekodi zake tunazishusha zikiwa tayari zimeshatengenezwa, na ndani ya hizo rekodi kuna vichwa vya mada vya Library of Congress, maktaba ya Bunge la Marekani, orodha ambayo imekuwa ikijengwa tangu 1898.

Kwa asiyejua, kichwa cha mada ni jina moja lililochaguliwa kwa jambo moja, halafu vitabu vyote vya jambo hilo vinawekwa chini ya jina hilo hilo, hata kama kimoja ni cha Kijerumani na kingine cha Kiingereza, hata kama majina ya vitabu vyenyewe hayana neno hata moja linalofanana. Ni tofauti na kutafuta kwa neno lolote, ambako mashine inaangalia tu kama hilo neno lako lipo mahali fulani kwenye rekodi. Uzuri wa kichwa cha mada ni kwamba ukilipata jina lenyewe umepata ukoo mzima. Ubaya wake ni kwamba hilo jina hukulichagua wewe. Kiswahili humo hakiitwi Kiswahili, kinaitwa Swahili language. Wanyamwezi ni Nyamwezi, Wahehe ni Hehe, Wachagga ni Chaga tena g moja. Afrika Mashariki inaandikwa kinyumenyume, Africa, East, na koma yake.

Sasa Kijana alikuwa anasoma masta ya historia na mada yake ilikuwa wapagazi, wale watu waliokamatwa au kuandikishwa kubeba mizigo ya majeshi huku kwetu wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, 1914 hadi 1918. Kila mtu wa Dar amepita Kariakoo, wachache wanakumbuka kwamba jina limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza waliopiga kambi pale baada ya kuuteka mji mwaka 1916. Nairobi nao wana Kariokor yao, neno ni hilo hilo. Kijana alikuwa na sababu ya nyumbani pia, babu wa babu yake alichukuliwa na hakurudi, na kwao hakuna kaburi.

Supavaiza alimwambia jambo moja tu, kama maandiko hayapo badilisha mada. Proposo ilitakiwa baada ya wiki mbili.

Kilichotokea, kwa mpangilio

*Siku ya kwanza.* Alikuja saa nane mchana, shikamoo mama, marahaba mwanangu kaa. Akafungua daftari. Hapo nikampenda, kwa sababu kwa miaka yote niliyokaa pale wanaokuja na orodha ya walichotafuta nawahesabu kwa vidole, wengi wanakuja na "nimetafuta sana hakuna" na ukiwauliza umeandika nini hawakumbuki. Yeye alikuwa ameandika hivi, mstari kwa mstari:

Kariakoo, 58, zote soko na biashara.
Wapagazi, 0.
Carrier Corps, 2.
First World War Tanzania, 3, hazihusiani.
Tanganyika war labour, 1, ni ripoti ya bandari.

Chini yake amepiga mstari na kuandika mada mpya: machinga wa Kariakoo. Yani katalogi ilikuwa imeshampangia cha kusoma. Ametafuta wapagazi, mashine imempeleka sokoni, na siku tatu baadaye yuko tayari kusoma soko.

Nikamwambia hebu turudi kwenye hizo mbili za Carrier Corps. Kimoja kilikuwa kimeazimwa na hakijarudi tangu sijui lini, kingine kipo, na kipo kweli kuhusu wapagazi. Nikamwambia kifungue, usiangalie jina, usiangalie mwandishi, shuka chini kabisa palipoandikwa Subject. Akashuka. Palikuwa na vistari vitatu vya bluu ambavyo kwa siku zote tatu alivipita kama mtu anavyopita tangazo la mganga kwenye nguzo ya umeme. Kimoja kilisema:

World War, 1914-1918 -- Campaigns -- German East Africa

Akasoma kwa sauti, akanyamaza, akasoma tena. "Mama, German East Africa si ilishakufa?" Nikamwambia bofya. Matokeo yakaja 19.

Kwenye hizo 19 sita zilikuwa za Kijerumani. Kimoja cha jenerali wao, Paul von Lettow-Vorbeck, cha 1920, kinaitwa Heia Safari, na Kijana akacheka kwamba ametafuta siku tatu kwa Kiingereza kumbe kuna kitabu cha Mjerumani chenye neno la Kiswahili kwenye jina. Ila angalia vizuri, kwenye jina hilo kubwa hakuna vita, hakuna Tanganyika, hakuna mpagazi. Kwa maneno yake angekipata vipi? Kilichokikusanya na wenzake ni kichwa cha mada peke yake.

Hapo mimi nikafanya kosa langu la kwanza. Nilifurahi. Nikamwambia basi mwanangu ndo hivi, zote unazo, nenda kasome. Kwa kujiona nimemaliza nikamwongezea na ushauri mbaya juu yake, kwamba akitaka kupunguza aongeze neno Tanzania. Akaongeza, 19 zikawa 2. Akaja kuniuliza kesho yake mbona zimepotea, nikawa sina jibu la haraka.

*Siku ya pili.* Jibu la haraka alikuwa nalo mzee mmoja wa idara ya katalogi anayekaribia kustaafu, aliyeanza kazi wakati wa makabati ya kadi, zile droo ndogo ndogo za mbao. Alikuwa anapita na chai yake. Akasikiliza kidogo akasema, "Mmeangalia European War?" Sisi kimya. Akasema zamani hao Wamarekani walikuwa wanaiita European War, 1914-1918, ndo baadaye wakabadilisha kuwa World War, na kadi zetu za zamani zote ziliandikwa vile. Wakati wa kuhamisha kadi kwenda kwenye kompyuta tulichukua vijana wa muda, wakaambiwa chapa kama ilivyo, nao wakachapa kama ilivyo.

Tukaandika European War kwenye kidirisha, tukachagua Subject badala ya kuacha Library catalog. 9. Hakuna hata moja iliyokuwa kwenye zile 19. Na hizi 9 ndo zilikuwa mali, za miaka ya 1920 na 1930, kumbukumbu za maafisa wa Kiingereza, historia za vikosi, kimoja cha daktari wa jeshi kinachoeleza wapagazi walivyokufa kwa kuhara na njaa kuliko kwa risasi. Ningemwacha aende na zangu 19 angeandika tesisi bila hivyo.

Nilikaa nikajiuliza maswali magumu kidogo siku ile.

*Siku ya pili mchana.* Tukapanda rafuni. Kijana kwa siku zote alikuwa anazunguka DT, yani herufi zinazoanza namba ya rafu mgongoni mwa kitabu, maana DT ni Afrika na Tanzania iko kuanzia DT436 kwenda mpaka DT449, mtu wa historia yetu anajua njia hiyo akiwa amefumba macho. Lakini vitabu vya vita hivi vinakaa D, pamoja na Ufaransa na Ubelgiji na mahandaki yao, kwenye D576.G3, ghorofa nyingine kabisa. Pale rafuni kulikuwa na vitabu viwili ambavyo havikutokea kwenye utafutaji wowote. Nikaandika namba zao, nikarudi kwenye kompyuta nikafungua rekodi. Zote mbili kichwa cha mada kimeandikwa Word War. Herufi l imeanguka. Mtu mmoja, siku moja, labda njaa ilikuwa inamuuma, na vitabu viwili vikazama kwa miaka kumi na kitu.

*Siku ya tatu.* Hapa tulifanya kwa mpangilio sasa, sio kwa bahati. Tukatafuta kwenye Subject maneno World War 1914-1918 pamoja na Africa, East, kwa sababu kitabu kinachosema kampeni nzima, na upande wa Kenya na Uganda ambako Waingereza walichukua wapagazi wengi, hakiwezi kuwekwa chini ya koloni la Mjerumani peke yake. Zikaongezeka 4 mpya. Tukajaribu Porters, tukapata 4, mbili za wabeba mizigo wa Kilimanjaro siku hizi, moja ya wapanda milima huko Asia, moja ya misafara ya karne ya 19, hiyo ya mwisho akaichukua. Tukajaribu Forced labor, labor ya Kimarekani bila u. Zikatoka 2. Alipoandika labour kwa mara ya kwanza, kama alivyofundishwa tangu shule ya msingi, alikuwa amejifungia mlango mwenyewe.

Mwisho tukarudi kwenye utafutaji wa neno lolote, ule ule aliouanza, ila sasa kwa ajili ya tesisi za chuo, ambazo nyingi hazina kichwa cha mada chochote. Tulijua sasa aina ya maneno ambayo waandishi wa mada hii wanatumia: carriers, porters, recruitment, Military Labour. Tesisi 3.

Maamuzi na kwa nini

Kuna watu wataniuliza kwa nini sikumpeleka moja kwa moja Google Scholar. Nilimpeleka, siku ya nne. Sikumpeleka mwanzo kwa sababu alichohitaji kwanza ni vitabu ambavyo anaweza kuvishika wiki hiyo hiyo, na vya 1920 na 1930 ndo usiseme, huko onlaini unapata jina na ukurasa mmoja wa mfano. Halafu mtu ambaye hajui jambo lake linaitwaje rasmi, ukimpa mashine kubwa zaidi unampa tu makosa mengi zaidi.

Uamuzi wa kuanza na kitabu kimoja kizuri badala ya kuanza na orodha yenyewe ya vichwa ulikuwa wa makusudi. Orodha ni kubwa mno, na anayeiingia bila kujua jina la kwanza anakuwa kama mtu anayetafuta nyumba Manzese kwa kuambiwa ina bati. Kitabu kimoja chenye kufaa kinakuwa mwenyeji wako, unamuuliza jirani zako ni akina nani. Sharti ni kwamba kiwe kinafaa kweli. Angeanza na ile ripoti ya bandari angepelekwa bandarini.

Uamuzi wa kumwandikia jedwali la kila kichwa na idadi yake ulitokana na supavaiza. Nilijua ataulizwa umetafutaje. Na kweli aliulizwa.

Ule wa kuongeza neno Tanzania haukuwa uamuzi, ulikuwa mazoea. Nautaja ili usijifiche.

Matokeo

Jumla 40, tukitoa zilizojirudia, na alizozitumia kwenye mapitio yake mwishowe zilikuwa 17. Mada ikabaki wapagazi. Supavaiza alimwambia kwa ufupi, "kumbe yapo", na hicho ndicho tulichopata kama pongezi. Mstari wa machinga kwenye daftari ukafutwa kwa peni nyekundu. Sikumwona tena mpaka alipokuja kuleta nakala ya tesisi, nitaifikia.

Upande wetu, nilirekebisha zile Word War mbili siku ile ile, dakika tano. Zile European War tulizibadilisha kwa pamoja kwa zana ya Koha ya kubadili rekodi nyingi kwa mkupuo, na hapo tulikuta kwamba sio 9, zilikuwa zaidi ya 60 kwa vita nzima na nchi zote. Sitaki kufikiria wangapi walikuja wakaondoka.

Uchambuzi: kilichofanya kazi

Daftari kwanza. Bila orodha ya alichoandika nisingeweza kuona kwamba tatizo sio maktaba kukosa vitabu. Ukiona mtu ameandika maneno matano tofauti na yote yanarudi na chini ya vitatu vya maana, na mada sio ya ajabu, shuku majina kabla hujashuku rafu.

Pili ni kusoma kile kistari chote mpaka mwisho badala ya kukibofya tu. Kinajieleza. World War, 1914-1918 ni jambo, Campaigns ni upande wa jambo, German East Africa ni mahali. Ukitazama rekodi kwa ndani, kwenye MARC, ule mpangilio wa namba na alama ambao kompyuta za maktaba zinausoma, utaona sehemu 650 na ndani yake alama a, kisha x, kisha z, kila kipande na kazi yake. Ukishaelewa vipande unaweza kubadilisha kimoja ukaacha vingine, ndivyo tulivyotoka German East Africa kwenda Africa, East. Na utagundua kwamba mahali hakukai sehemu moja kila siku. Mapinduzi ya Zanzibar yanaanza na mahali, Zanzibar -- History -- Revolution, 1964. Vita Kuu inaanza na vita, mahali panakuja mwisho. Kwa hiyo mtu anayefungua orodha ya vichwa herufi T akasoma Tanzania yote kuanzia juu mpaka chini hataiona Vita Kuu, na ataapa kwamba haipo.

Hii ndo sababu pia neno Tanzania liliua matokeo. Nilikuwa nafikiri kwa ramani ya leo. Aliyeandika kichwa alikuwa anafikiri kwa ramani ya 1914, na koloni lile lilikuwa Tanzania bara na Rwanda na Burundi kwa pamoja, kwa hiyo hata kwa haki hawezi kuandika Tanzania. Ana mantiki yake. Ila mantiki yake haijaandikwa popote kwenye skrini.

Uchambuzi: kilichokwama

La kwanza ni langu, kufurahia 19. Kichwa cha mada kinakupa hisia ya ukamilifu ambayo neno la kawaida halikupi, kwa sababu orodha inakuja safi, yote inahusu, hakuna soko la Kariakoo ndani. Ukiona usafi ule unaacha kutafuta. Kumbe usafi na ukamilifu ni vitu viwili. Orodha safi inaweza kuwa nusu.

La pili ni la maktaba. Kwenye mfumo wa Library of Congress, kila jina rasmi lina faili lake linalosema ukiandika First World War, au World War I, au European War, nenda World War, 1914-1918. Hayo maelekezo yapo, yameshaandikwa, ya bure. Sisi tulishusha rekodi za vitabu tukaacha mafaili ya majina, kwa hiyo mashine yetu ikipewa First World War haielekezi popote, inatafuta hayo maneno kama yalivyo. Ni kama kujenga barabara ukaacha vibao. Kijana hakukosea kuandika First World War, ndivyo dunia nzima inavyosema. Kosa ni la anayejua jina la pili na hajaweka kibao.

La tatu linanikera mpaka leo na sio la maktaba yetu peke yake. Kati ya vitabu 40, vingi vilivyo na habari za wapagazi vimewekwa chini ya kampeni, chini ya majenerali, chini ya vikosi. Mtu aliyekaa Washington au London na kitabu mkononi akauliza hiki kinahusu nini, akajibu kampeni. Wapagazi wamo sura ya saba, na sura ya saba haipewi kichwa. Ni kama ile sanamu ya Askari pale Dar iliyozinduliwa 1927, askari yuko juu na bunduki yake, mpagazi umtafute mwenyewe, ingawa Nairobi angalau kwenye sanamu yao walimweka na mpagazi. Kwa hiyo kwa mada za watu wa chini, kichwa cha mada kinakufikisha mtaani, nyumba kwa nyumba unapita mwenyewe, kwa kusoma fahirisi za nyuma ya kila kitabu. Tulifanya hivyo. Neno carriers kwenye fahirisi za vile vitabu 9 vya zamani lilikuwepo kwenye 6.

Na mambo ya majina haya sio ya ufundi mtupu. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Mmarekani mmoja, Sanford Berman, alikuwa mkutubi Chuo Kikuu cha Zambia kule Lusaka, akakuta kwenye katalogi kichwa Kafirs kwa ajili ya Waafrika weusi wa kusini, na Wazambia aliofanya nao kazi wakamweleza neno lile linavyosikika masikioni mwao. Sisi tunaojua kafiri ni nani hatuhitaji kuelezwa sana. Mwaka 1971 akatoa kitabu kizima cha kubishana na vichwa vya aina hiyo, akapita na Makerere pia, na kwa miaka mingi vichwa kadhaa vikabadilishwa, Kafirs kikiwemo. Kwa hiyo vinabadilika. Ila vinabadilika kwa sababu mtu aliyekuwa dawatini alikasirika akaandika, na dawati lile la kwanza lilikuwa huku kwetu Afrika.

La nne, tesisi. Tatu zile alizozipata mwishoni zilikuwa ndo zenye mahojiano na wazee, zenye majina ya vijiji, na katalogi ilikuwa imeziandikia jina la mwandishi, jina la tesisi, mwaka, kwisha. Kazi za wanafunzi wetu wenyewe tunazipa rekodi maskini kuliko kitabu cha Mjerumani, kwa sababu cha Mjerumani kimekuja na rekodi yake na cha kwetu lazima mtu akae aifikirie.

Baada ya hapo

Kijana alipoleta nakala ya tesisi yake niliomba niitengenezee rekodi mimi. Nilimpa kichwa rasmi, kile cha German East Africa, nikampa na Porters, nikampa na Forced labor. Halafu kwenye 690, sehemu ambayo maktaba inaruhusiwa kuweka vichwa vyake yenyewe, nikaandika kwa Kiswahili, Wapagazi wa vita, na Kariakoo, asili ya jina. Mzee wa katalogi alinuna kidogo, anasema ukianza vichwa vya kienyeji kila mtu ataweka chake, leo wapagazi kesho wachukuzi keshokutwa mahamali, na mwisho utakuwa na fujo ile ile tuliyoikimbia. Ana hoja. Tumekubaliana kwamba kila kichwa cha Kiswahili kinaandikwa kwanza kwenye daftari moja linalokaa mezani kwake, na akikataa hakiingii. Mpaka sasa yamo majina kumi na manne, na mahamali alilikataa.

Ombi la kuingiza mafaili ya majina nilipeleka kwa watu wa TEHAMA, wakasema wanalifanyia kazi. Bado wanalifanyia kazi. Kwa sasa nimebandika karatasi pembeni ya kila kompyuta ya katalogi, kwa maandishi makubwa: First World War andika World War, 1914-1918. East Africa andika Africa, East. Labour toa u. Kiswahili andika Swahili language. Ukipata kitabu kimoja kizuri shuka chini kabisa usome palipoandikwa Subject.

Juzi nimekuta kwenye ile ya dirishani mtu ameongeza kwa peni, Wachagga andika Chaga, g MOJA, nimepoteza asubuhi nzima.